Kipokezi cha Sauti kwa Nyumba ya Mtu Mmoja

Ukunda, Jumapili jioni, Mei 1998

Mvua ilianza alfajiri, ikapumzika adhuhuri, sasa imerudi. Ni mvua ya masika isiyo na haraka wala ngurumo, inayonyesha tu kama mtu anayefanya kazi yake. Nguo nilizofua juzi nimezitandaza juu ya viti na bado hazijakauka. Nimekaa katikati yake, miguu nimeikunja, na moyo wangu hauna raha.

Nakuandikia wewe, shajara, kwa kuwa jambo lenyewe naona haya kumwambia mtu. Tangu jana nimekuwa nikichagua kifaa cha kuunga kwenye mtambo wa muziki. Mwanamke mzima, mvua yote hii, naingia dukani na kutoka, nachagua kifaa cha muziki.

Na mtambo si wangu. Ni wa Tabitha.

Tabitha alikuwa mpokea simu wa hoteli tuliyokuwa tukifanya kazi pamoja pale Diani. Mimi niko stoo ya mashuka mpaka leo. Yeye ni Mkamba wa Machakos, Mkristo wa kwaya. Mimi ni mtu wa Jego, kule mwisho karibu na Vanga, mtoto wa chuo cha Kurani na shamba la nazi. Tulikutana kwenye foleni ya chakula cha wafanyakazi, akaniuliza kama najua chumba cha kupanga, nikamwambia mimi mwenyewe natafuta. Ndipo tukapanga vyumba hivi viwili kwa Bi Mwanaharusi, na tukakaa miaka bila kugombana ila kwa ajili ya kelele.

Kelele zilikuja na mtambo. Alikuwako mzungu mmoja aliyekuwa akifunga nyumba yake ya ufukweni ili arudi kwao, akauza vyombo vyake. Tabitha alinunua ampli yenye uso wa fedha, spika mbili za mbao zinazonifika kiunoni, na deki ya kupigia kanda. Tulivileta kwa mkokoteni. Njia nzima Tabitha alitembea pembeni ameshikilia spika kwa mikono miwili kama anayempeleka mgonjwa hospitali.

Tangu siku hiyo, kila jioni nyumba hii ilikuwa na sauti. Rumba za Kongo siku za kazi, kwaya za Kikamba Jumapili. Yeye huchagua kanda, mimi niko jikoni uani namenya muhogo, na kila baada ya muda napaza sauti nimwambie apunguze, Bi Mwanaharusi asije akatufukuza. Hupunguza kidogo, kisha hupandisha tena akidhani sisikii.

Mwaka jana zikatupwa zile karatasi za kuwaambia watu wa bara warudi makwao. Baada ya karatasi vikaja moto na mapanga. Sitaki kuyaandika hayo, kila mtu wa hapa anayajua. Nitaandika tu kwamba Tabitha aliondoka asubuhi na begi moja, amevaa buibui langu, mimi nimemshika mkono mpaka tukavuka kivuko cha Likoni. Upande wa pili alilivua, akalikunja vizuri kama alivyokuwa akikunja kila kitu, akanirudishia. Akaniambia nimtunzie mtambo, mambo yakitulia atarudi.

Nimeutunza. Kila Ijumaa naupangusa vumbi. Lakini hewa ya hapa ina chumvi, na deki haikungoja. Ule mpira wa ndani unaozungusha kanda umeyeyuka ukawa kama ulimbo, na fundi ameniambia mpira wa aina hiyo haupatikani tena. Ampli ndiyo nzima. Nikiiwasha taa yake huwaka, na spika hutoa mvumo mdogo, kama mtu aliyevuta pumzi akitaka kusema neno, kisha asiseme.

Aliniachia pia Walkman yake ndogo na vile visikizio vya masikioni. Nilijaribu kuvitumia, sikuweza. Ukiziba masikio yako kwa muziki ndani ya nyumba tupu, nyumba inazidi kuwa tupu. Husikii mlango, husikii jirani, husikii hata mwiko wako ndani ya chungu.

Kazini nako ni kimya. Wageni hawaji. Nusu ya wenzetu wamepewa likizo isiyo na mwisho, na sisi tuliobaki tunakwenda siku tatu kwa wiki. Natoa mashuka ambayo hayakulaliwa na mtu, nayafua yasiote ukungu, nayakunja, nayarudisha rafuni. Wiki inayofuata nayatoa tena.

Siku hizo nyingine niko hapa.

Sasa nikueleze kilichonitoa. Wiki mbili zilizopita Tabitha alinitumia salamu kwa dereva wa basi, kwamba Jumapili ya leo baada ya ibada atakuwa dukani kwa mjomba wake Machakos, duka lina simu, nimpigie. Tangu aondoke tumesemezana mara mbili tu, tena kwa haraka, kila mmoja akimwuliza mwenzake kama ni mzima. Safari hii nilitaka niwe na jambo la kumwambia. Nilitaka nimwambie kwamba muziki wake unalia. Kila kitu kipo mahali pake, na muziki upo, basi rudi.

Kwa hiyo jana baada ya chai nilijifunika mwavuli nikaenda sokoni kwa Bwana Hemedi.

Bwana Hemedi anauza redio na saa, na hurekebisha vyote viwili, na ana rafu ya kanda za kuuza. Zamani, siku za mshahara, usingeweza kuingia pale. Vijana wa hoteli walikuwa wamejaa mpaka nje. Jana nilimkuta peke yake anapanga upya vitu vilivyokwisha kupangwa. Nilimwamkia, nikamweleza nina ampli na Walkman, nataka viungane.

Kwanza alitaka kuniuzia mashine ya sidii. Akaniambia kanda zinakufa, miaka michache ijayo hatutaziona. Nikamwambia sina hata sidii moja, nina katoni ya kanda. Akaniuliza mbona basi nisinunue deki nyingine, akanionyesha bei yake, sote wawili tukanyamaza kwa heshima. Ndipo akanitolea vitu viwili akaviweka juu ya kioo.

Kimoja ni waya wa kawaida. Mguu mmoja unaingia kwenye Walkman pale pa visikizio, na miguu miwili, mwekundu na mweupe, inaingia mgongoni mwa ampli. Basi, ndio huo tu.

Cha pili kimetoka Dubai, na alikishika kwa ncha za vidole. Ni visanduku viwili, kila kimoja kama kipande cha sabuni ya kuogea, vyote vina kijiti cha antena. Kimoja unakichomeka kwenye Walkman, nacho kinarusha sauti hewani. Cha pili ni kipokezi: unakiunga kwenye ampli, nacho kinaipokea ile sauti bila waya wowote. Alinipigia kanda pale pale dukani. Akatoka nje na Walkman ya dukani mkononi mpaka barazani kwa jirani, mvua inampiga, na muziki ukaendelea kulia ndani mbele yangu kama vile yeye hakuondoka.

Nilimwuliza kasoro zake, naye hakunificha. Kinakula betri. Hakina sauti safi kama ya waya, kina mchakacho kwa mbali, kama mafuta yanayoanza kupata moto. Na kuta zikiwa nene za mawe kinaweza kukatika. Waya hauna taabu hizo, sauti yake ni safi na utaishi miaka, ila utakufunga: Walkman ilipo ndipo ampli ilipo, ukitaka kugeuza kanda unainuka.

Nilivishika kimoja kimoja, nikavirudisha, nikavishika tena. Bwana Hemedi, labda kwa kunisaidia, akaniuliza nyumbani tuko wangapi.

Nilimwambia tuko wawili.

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Neno lilitoka lenyewe, nami sikulirudisha. Akasema basi kama ni wawili nichukue hicho cha bila waya, mmoja aweza kuwa jikoni na mwenzake sebuleni na muziki ni ule ule. Aliponiona bado nasitasita alivifunga vyote viwili katika karatasi akaniambia niende nikavijaribu kwa ampli yangu mwenyewe, kesho kutwa nimrudishie nisichokitaka. Hakutaka nimwachie kitu. Alisema mwaka huu hata mtu anayeingia kujaribu tu ni baraka.

Nilipofika nyumbani nilianza na cha Dubai. Nikaunga kipokezi mgongoni mwa ampli, nikatia kanda moja ya rumba katika Walkman, nikabonyeza.

Miezi mingi spika hizi hazikuwa zimesema. Sauti ya kwanza ilinishitua, nikarudi nyuma nikakanyaga beseni. Kisha gitaa likaingia, lile gitaa jembamba linalozunguka mahali pamoja, na chumba kizima kikawa na joto. Nilisimama nikasikiliza mpaka wimbo wa kwanza ukaisha. Mchakacho ulikuwapo, kweli, lakini na mvua juu ya mabati usingeutambua.

Nikaona nikijaribu kama alivyofanya yeye. Nikaiweka Walkman kwenye pindo la kanga, nikatoka uani, nikaingia jikoni. Muziki haukukatika. Nikachochea moto, nikachukua muhogo nikaanza kumenya. Mvua inanyesha, moto unawaka, na sebuleni kwangu kuna rumba. Mikono yangu ikashika mwendo wake wa zamani. Sikuwa nafikiri jambo lolote, na huo ndio ukweli, sikuwa nafikiri. Ukaja wimbo mmoja wenye tarumbeta nyingi, sauti ikapanda, nami nikageuza kichwa mlangoni nikaita:

"Tabi, punguza!"

Kisu kilikuwa mkononi. Niliuangalia mlango ule muda mrefu. Tarumbeta ziliendelea, hakuna aliyepunguza, na Walkman ilikuwa kiunoni kwangu mimi mwenyewe.

Sikulia. Nilikaa juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, muhogo mkononi, mpaka kanda ikafika mwisho ikajizima.

Ndipo nikasikia hodi. Alikuwa Bi Mwanaharusi, mwenye nyumba wetu, amejitanda kanga mbili kwa ajili ya mvua, amebeba bakuli limefunikwa kawa. Bi Mwanaharusi hatoki kwake mvua ikinyesha, miguu inamsumbua. Nilimpa shikamoo akaniitikia, lakini macho yake hayakunitazama mimi. Yalipita begani kwangu yakaingia sebuleni.

"Yuko wapi?" akaniuliza.

"Nani, Bi?"

"Tabitha. Nimesikia nyimbo zake, nikamletea kunde."

Zilikuwa kunde za nazi. Tabitha alikuwa akizila na mkate mpaka anasafisha bakuli kwa kidole, na Bi Mwanaharusi alikuwa akimcheka kwamba watu wa bara hawajui nazi mpaka wafundishwe. Nilimweleza kwamba Tabitha hakuja, ni mimi tu najaribu mashine. Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea habari aliyokuwa anaijua. Nilimvutia kiti akakataa.

"Nililalamika sana kelele zile," akasema. "Haya, zikaondoka."

Hatukuwa tumewahi kuzungumza habari za mwaka jana, mimi na yeye. Asubuhi ile tulipotoka, Bi Mwanaharusi alisimama mlangoni kwake, akasema hewani, bila kututaja, kwamba njia ya sokoni haifai, njia ya nyuma ya msikiti ndiyo nzuri. Tukaifuata. Tangu siku hiyo ananiuliza habari za mwili, za kazi, za mama yangu Jego, na jina la Tabitha halitamki. Jana alilitamka akiwa na bakuli mkononi, miguu imelowa. Alinipa lile bakuli, akasema, "Haya, kuleni," kisha akajisahihisha, "kula, mwanangu." Nilimwomba abaki tule pamoja, akasema ameacha kitu jikoni. Sidhani kama aliacha kitu.

Nilikula kunde peke yangu. Zilikuwa tamu sana.

Leo nilingoja saa za kwaya zipite, nikaenda kwenye simu ya kadi karibu na posta. Tabitha aliipokea mara moja, nadhani alikuwa amesimama kando yake. Tuliamkiana kwa urefu, nikamweleza habari za wote waliobaki kazini, nikampa salamu za Bi Mwanaharusi na habari ya kunde, akacheka kile kicheko chake cha puani. Ndipo nikamwambia neno langu. Nikamwambia deki ilikufa lakini nimepata njia nyingine, kipokezi kutoka Dubai, mtambo unalia vizuri, kanda zake zote zipo, chumba chake sijampa mtu.

 

"Nasha," akasema, "mimi nimepata kazi huku. Ni shule ya bweni, nashika simu zao. Nilianza Januari. Nilikosa namna ya kukuambia."

Nilimjibu haraka haraka, kama mtu anayezuia mlango usifungwe. Nilimwambia mambo yametulia, watu wameanza kurudi madukani, meneja anasema ifikapo Desemba wageni watajaa na nafasi yake ya simu hawajampa mtu. Yote hayo ni kweli. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Najua yametulia," akasema. "Mimi ndiye sijatulia. Mtu akibisha mlango hapa kwa mama yangu, huku kwetu, mimi nasimama nyuma ya kabati. Nitaishije huko?"

 Nilitaka kumwambia kwamba mimi ningefungua mlango kila mara, yeye akae ndani tu. Lakini hayo si maisha ya kumwambia mtu ayarudie.

Akasema hana kinyongo na pwani, mtu asidhani ana kinyongo. Akasema ampli na spika ni vyangu tangu leo. Nikakataa, nikamwambia ni vyake, mimi mtunzaji tu. Tulivutana hapo kidogo, na kuvutana kule kulikuwa kwa zamani kabisa, nusura nicheke. Mwisho akasema basi nimtumie kanda kwa dereva, kanda anazitaka, mashine nibaki nayo. Kisha akaniuliza jambo ambalo sikulitarajia. Akaniuliza mimi hupenda nyimbo gani. Alisema kila jioni yeye ndiye aliyekuwa akichagua, na hajawahi kuniuliza.

Nikamwambia napenda zile zake.

"Hizo ni zangu," akasema, na sauti yake ikapasuka. "Wewe tafuta zako."

Tulimaliza kwa kuombeana dua, yeye kwa dini yake na mimi kwa yangu. Niliiweka simu, nikasimama ndani ya kile kibanda mpaka bwana mmoja aliyekuwa akingoja akagonga kioo kwa adabu.

Nimerudi, nimezipanga kanda zake zote ndani ya katoni ya sabuni, kwaya chini, rumba juu, nimeifunga kwa kamba. Dereva atapita Jumanne. Rafu imebaki na alama nyeupe mahali zilipokuwa.

Kabla ya kufunga katoni niliunga ule waya ambao jana sikuujaribu. Bwana Hemedi hakusema uongo, sauti yake ni safi. Nilipiga kanda moja ya mwisho kabla sijaiweka pamoja na nyingine, nikasikia vitu ambavyo sikuwahi kuvisikia, mtu anayekohoa nyuma ya gitaa, vidole vinavyoteleza juu ya nyuzi. Na ni kweli kwamba unakufunga. Ilibidi nikae pale pale chini, mgongo kwenye spika, bila muhogo wala kisu wala kazi ya kunishughulisha, nisikilize.

Nimeamua. Kesho nitamrudishia kile kipokezi cha Dubai na nitachukua waya. Kipokezi ni kizuri, sitakisema vibaya kwa mtu yeyote, na nyumba yenye watu wengi itakifurahia. Lakini mimi kilinifanya niite jina la mtu asiyekuwapo, na kikimwita tena Bi Mwanaharusi kwenye mvua sitaweza kumtazama usoni. Waya ukiungwa, aliye pale pale karibu na mashine ni mimi, na yaliyobaki ya nyumba ni kimya, na najua kwamba ni kimya.

Kisha nitamwambia Bwana Hemedi kwamba niko peke yangu. Naona hilo litakuwa gumu kuliko kuchagua.

Na nitamwomba anipigie kanda zake moja baada ya moja, za taarabu, za densi, za kaswida, hata hizo za kizungu, mpaka nisikie moja nitakayoitaka. Sijui itakuwa ipi. Mtu wa umri wangu kutojua wimbo wake ni jambo la aibu kidogo. Lakini duka lile siku hizi halina watu, na mimi hapa hakuna anayeningoja.

Tutakuwa na wakati.